Walipanda Kilimanjaro na Baiskeli, Wakakata Hadi Lebo za Nguo: Stori ya Safari za Hisani na Hela za Wachangiaji

Hebu vuta picha. Ni tarehe 31 Desemba 1984. Dunia nzima inajiandaa kuukaribisha mwaka mpya, watu wanatafuta nguo ya mkesha na mahali pa kwenda. Juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo oksijeni unayovuta kifuani ni kama nusu tu ya ile unayoipata Kariakoo, kuna jamaa wawili wa Kiingereza wamesimama na baiskeli. Baiskeli kweli, zenye pedeli na cheni. Kuna vipande vya njia walipita wakikanyaga, na kuna vipande vingi tu ambapo mambo yaligeuka, wao ndio wakaibeba baiskeli.

Jamaa hao walikuwa mabinamu. Mmoja alikuwa mtu wa jiografia aliyejipatia riziki kwa kuandika, vikiwemo vitabu vya kuelekeza njia za baiskeli. Miaka mingi baadaye Waingereza wangemzoea kwenye TV akitembea pwani za nchi yao, mwamvuli umechomekwa kwenye begi la mgongoni. Mwingine ndiyo kwanza alikuwa ametoka kukimbia Himalaya. Ndiyo, kukimbia, kwa miguu. Mwaka 1983 yeye na kaka yake walitoka Darjeeling kule India hadi Rawalpindi, Pakistan, kwa kama siku 100. Kukaa nyumbani kwa familia hii ilikuwa shida.

Sasa usifikiri ni ubishoo tu wa wazungu wenye muda. Walikuwa wanachangisha. Hela zilikuwa za shirika la Uingereza lililoitwa Intermediate Technology, lile lililoanzishwa mwaka 1966 na mchumi aliyeandika kitabu cha Small Is Beautiful. Shirika hilo bado lipo, siku hizi linaitwa Practical Action. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtu maskini hahitaji trekta la mamilioni ambalo likiharibika spea zinatoka Ulaya, anahitaji kifaa kidogo ambacho fundi wa mtaani kwake anaweza kukitengeneza na kukirekebisha. Kwa jirani zetu Kenya, shirika hilo lilikuwa na mkono kwenye pampu ya maji ya upepo iitwayo Kijito, iliyokuwa ikitengenezwa Thika. Kazi za aina hiyo ndizo mabinamu walizokuwa wakizitafutia hela.

Mfumo wenyewe wa kuchangisha wala siyo mgeni kwa Mtanzania. Yeyote aliyewahi kuingizwa kwenye group la WhatsApp la harusi bila kuulizwa anaujua. Kuna kamati, kuna mtunza hazina, kuna list ya ahadi, na kuna wale wa "nitatuma mwisho wa mwezi". Uingereza kabla ya simu ilikuwa ni fomu ya karatasi inayozungushwa ofisini, kanisani na baa: jina lako, kiasi, saini. Tofauti ni moja tu. Kwenye harusi unachangia ili watu wafurahi. Kwenye safari ya hisani unachangia kwa sharti kwamba fulani ataumia. Akipanda mlima, unatoa. Akiishia getini, unaanza kutafuta maneno.

Kwa hiyo mtu akisema "maandalizi" ya safari kama hii, watu wengi wanawaza mazoezi na suruali za kubana. Maandalizi ya kwanza ni kuomba. Na ukishaomba umejifunga, maana huwezi kurudi kwa watu 200 waliokuandikia ahadi ukawaambia goti lilikuwa linauma.

Baada ya Kilimanjaro, mabinamu wakaja na wazo la kichizi zaidi. Walitaka kufika katikati ya dunia, yaani mahali pa nchi kavu palipo mbali na bahari kuliko pengine popote. Sehemu hiyo haina kibao wala haina mji. Inabidi uitafute kwa ramani na hesabu: chukua bara la Asia na Ulaya kwa pamoja, pima umbali kwenda kila pwani, halafu tafuta nukta ambayo bahari ya karibu kabisa bado iko mbali kuliko kwa nukta nyingine yoyote. Hesabu zao ziliangukia kaskazini magharibi mwa China, kwenye jangwa lililo kaskazini ya mji wa Ürümqi. Kutoka hapo hadi bahari ya karibu ni kama kilomita 2,645. Yaani ukiwa hapo, ufukwe wa karibu uko mbali kuliko Dar ilivyo mbali na Kampala, kwa zaidi ya kilomita 1,000.

Ili stori iwe na maana, safari ilipaswa kuanzia baharini. Wakapanga kuanza tarehe 1 Mei 1986 kwenye Ghuba ya Bengal, Bangladesh, wapite India, Nepal, wavuke Himalaya kuingia Tibet, washuke Gobi, hadi kwenye ile nukta. Kumbuka ni miaka ya 80. Hakuna Google Maps, hakuna simu ya mkononi, na mpaka wa Nepal na Tibet ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa kwa wageni. Ukipotea, umepotea.

Hapa ndipo maandalizi yao yalipokuwa ya ajabu, na mpaka leo wapenda baiskeli wanayazungumza. Mtu wa kawaida anayekwenda safari ya miezi miwili anauliza nibebe nini. Hawa walikaa chini wakaulizana tuache nini. Hema waliliacha. Jiko wakaliacha. Nguo za kubadilisha wakaziacha pia, kila mtu na alichovaa. Chakula wangekula kwenye vibanda vya njiani na kwa watu watakaowakaribisha. Baiskeli zenyewe zilikuwa za mbio, fremu ya chuma chembamba sana kilichotengenezwa kwa ajili ya wanaotafuta medali, siyo kwa ajili ya barabara za vumbi la Tibet. Halafu wakaanza kupunguza kile kidogo kilichobaki. Walitoboa matundu kwenye vipuri ili kuondoa gramu mbili tatu za chuma. Walikata lebo za nguo. Lebo! Ile ya kukwambia usipige pasi.

Kuna watu wakisikia hivyo wanacheka, na kucheka ni haki yao, maana lebo moja haijawahi kumchosha mtu. Lakini kuna akili ndani yake. Ukishajizoesha kuiona hata lebo kuwa ni mzigo, huwezi tena kuingiza kwenye begi jozi ya tatu ya viatu kwa kisingizio cha "huwezi jua". Na kwenye njia yenye mapito ya zaidi ya mita 5,000, kila kilo unailipia kwa pumzi.

Wala hawakuwa wa kwanza kusafiri hivyo. Yule jamaa aliyeizunguka dunia kwa baiskeli kati ya 1884 na 1886, tena ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, aliondoka San Francisco na soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema, na bastola. Basi. Huyo huyo, kwa wanaopenda stori za karibu na nyumbani, miaka michache baadaye alitumwa na gazeti la New York kuja Afrika Mashariki kumtafuta Stanley. Lakini yeye alikuwa anasafiri kwa ajili ya jina na magazeti. Hakukuwa na mtu aliyesubiri pampu ya maji nyuma yake.

Mabinamu walikanyaga kwa siku 58. Kutoka joto la Bangladesh linalokulowanisha kabla hujaanza kukanyaga, hadi baridi ya nyanda za Tibet ambako huna hema wala nguo ya kubadilisha, halafu jangwa. Tarehe 27 Juni 1986 wakafika kwenye ile nukta yao. Hakukuwa na mstari wa kumalizia wala mtu wa kuwavisha medali. Kulikuwa na mchanga. Na kwa wanaopenda ubishi: mwaka 2007 watafiti wengine walipiga upya hesabu na kuonyesha kwamba sehemu hiyo inahama kutegemea unaitambuaje pwani ya kaskazini ya Urusi, kama ghuba moja kubwa kule uihesabu ni bahari au la. Kwa hiyo inawezekana jamaa walifika "katikati ya dunia" ambayo si katikati kamili. Hela za wachangiaji zilikuwa zimeshafika zinakokwenda, hakuna aliyedai kurudishiwa.

Angalia kitu kimoja kwenye safari hiyo. Watu wawili, baiskeli mbili, hakuna gari la kubeba mabegi nyuma, hakuna hoteli, hakuna mpishi. Safari yenyewe ilikula hela ndogo. Mchangiaji aliyetoa paundi tano hakuwa na sababu kubwa ya kuwaza kwamba tatu zimeishia kwenye kitanda cha mtu.

Miaka ya 90 na kuendelea, biashara ikaingia. Mashirika ya hisani ya Uingereza yaligundua kwamba si lazima usubiri machizi wawili wenye familia ya kukimbia milima. Unaweza kumchukua mhasibu wa kawaida, dada wa benki, mwalimu, ukampa safari iliyopangwa kila kitu, yeye akachangisha. Njia maarufu kuliko zote ni London hadi Paris: kilomita 450 hivi mpaka 500 kutegemea unapita wapi, siku tatu au nne, unavuka bahari kwa feri, unamalizia karibu na Eiffel Tower unapiga picha umeinua baiskeli. Wengine wanakwenda mbali zaidi, Vietnam, India, hata kwenye mbuga zetu. Begi lako linabebwa na gari. Kuna fundi, kuna daktari, jioni kuna sahani ya pasta inakusubiri.

Na hapo ndipo swali lilipozaliwa: hiyo pasta kailipa nani?

Kwa kawaida kuna njia mbili. Ya kwanza, unalipa gharama zako zote mwenyewe kutoka mfukoni, na kila senti unayochangisha inakwenda kwenye shirika. Ya pili, unalipa ada ndogo ya kujiandikisha halafu unaahidi kuchangisha kiwango fulani cha chini, na humo humo ndani ya michango ndimo zinatoka gharama zako za ndege, hoteli na feri. Njia ya pili siyo wizi, ipo wazi kwenye mikataba, na bila hiyo wengi wasingeweza kushiriki kabisa. Tatizo ni kwamba anayechangia mara nyingi hajui yuko kwenye njia ipi. Anadhani anajenga wodi, kumbe kwanza anamlipia rafiki yake usiku mbili Paris.

Serikali ya Uingereza yenyewe ililiona hili kwa jicho la kodi. Kuna utaratibu wao uitwao Gift Aid, ulioanza mwaka 1990, ambapo mlipakodi akitoa paundi moja kwa shirika la hisani, shirika linadai serikalini peni 25 za nyongeza. Kitamu sana. Lakini kwenye safari za nje kuna kipengele: kama gharama za msafiri zinalipwa kutokana na michango, basi hela iliyotolewa na mama yake, mume wake au ndugu zake wa karibu haistahili ile nyongeza. Mantiki yao ni kwamba familia yenu imepata kitu, mtoto wenu kapelekwa safari. Yaani mamlaka ya kodi inamtazama mama mtu usoni inamwambia, hapa mama umenunua tiketi.

Tuseme basi umelimaliza hilo la hela, barua yako kwa wachangiaji inasema wazi kabisa nani analipa nini. Sasa ndiyo uingie kwenye mwili. Kosa la wanaojiandaa mara ya kwanza ni kufanya siku moja kubwa kila Jumapili, kilomita 100 mara moja, halafu wiki nzima kochi. Safari ndefu haikupimi siku ya kwanza, inakupima asubuhi ya pili ukiwa unapanda juu ya siti na mwili mzima unakataa. Ndiyo maana wanaojua hufanya mazoezi siku mbili mfululizo, hata kama kila siku ni fupi, ili mwili uzoee kuamka umechoka na kuendelea. Kula nako ni mazoezi. Ukikanyaga kwa saa nyingi mwili unahitaji kama gramu 60 za wanga kila saa, waliozoea wanafika 90, na ndizi moja ya kuiva ina kama 25. Piga hesabu hizo ndizi. Tumbo lisilozoeshwa kula huku linakimbizwa litakuaibisha mahali pasipo na choo.

Na siti, jamani. Kilichowarudisha watu wengi nyumbani siyo mapafu, ni kuchubuka sehemu ambazo huwezi kumwonyesha mtu. Ile suruali fupi yenye sponji ndani inavaliwa bila chupi. Mgeni anaona aibu, anavaa zote mbili, na siku ya pili mishono ya chupi imeshamchora. Anafika Paris amesimama juu ya pedeli.

Baiskeli nayo lazima ipande ndege. Inawekwa kwenye boksi, usukani unageuzwa, pedeli zinafunguliwa. Hapa kuna mtego mdogo ambao umewatoa jasho watu wengi sebuleni saa sita usiku kabla ya safari: pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume na ile ya kulia. Ukilazimisha kama nati ya kawaida, ndiyo kwanza unaikaza. Kama njia inapita milimani, usikurupuke. Ukishavuka mita 3,000 ushauri wa madaktari ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na wapagazi wa Marangu watakwambia hilo hilo kwa maneno mawili ambayo kila mgeni anaondoka nayo.

Bongo nayo haijabaki nyuma. Tangu 2002 kuna changamoto ya Kilimanjaro inayoendeshwa na mgodi wa dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na TACAIDS, ya kutafuta fedha za mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, ambapo wengine wanapanda mlima kwa miguu na wengine wanauzunguka kwa baiskeli. Kuna msafara wa baiskeli wa kutoka Dar hadi Butiama, kijiji cha Mwalimu, unaopanda miti na kusaidia shule njiani. Vijana wa mjini wanaoanza na klabu za Jumamosi asubuhi, kofia ya helmeti na miwani ya bei, wanajikuta mwaka unaofuata wanatuma namba ya kuchangia kwenye status. Na swali la pasta linawafuata. Mjomba anatoa elfu 50, halafu anauliza kwa upole tu: "Hivi hii inaenda kwenye madawati, au kwenye hizo jezi?" Ni swali la haki. Kuna wanaolichukulia kama dharau, wakati mjomba ndiye mchangiaji pekee aliyesoma tangazo mpaka mwisho.

Wamarekani walikutana na mjomba huyo mapema, na majibu yao yalikwenda njia mbili.

Njia ya kwanza ilianza mwaka 1980, Massachusetts. Kijana mmoja aliyefiwa na mama yake kwa saratani ya ngozi aliwakusanya marafiki, wakawa 36, wakakanyaga kutoka Springfield kuvuka jimbo hadi Provincetown, ncha ya mwisho kabla ya bahari. Wakapata dola 10,200 kwa ajili ya kituo cha saratani cha Dana-Farber, Boston. Msafara huo, Pan-Mass Challenge, bado unaendelea, na hadi mwaka 2024 jumla ya michango yake ilikuwa imevuka dola bilioni 1. Tangu 2007, kila dola anayochangisha mwendeshaji inakwenda kituoni nzima nzima. Gharama za msafara zinatoka kwenye ada za kujiandikisha na kwa makampuni yanayodhamini. Kuna ukali wake lakini: ukijiandikisha unaacha namba ya kadi yako ya benki, na usipofikisha kiwango ulichoahidi, kadi inakatwa. Hakuna cha mwisho wa mwezi. Wenye kamati za harusi wangeusoma utaratibu huo wakalia kwa wivu.

Njia ya pili ni ya California, na hiyo ndiyo inayouma. Mwaka 1994 UKIMWI ulikuwa unaua bila mpinzani. Dawa za mseto ambazo zingebadilisha mambo zilikuja mwaka 1996, kwa hiyo wakati huo watu walikuwa wanazika marafiki kila wiki. Kampuni moja ya kuandaa matukio ikaita watu waendeshe kutoka San Francisco hadi Los Angeles, siku saba. Wakajitokeza 478. Wengi hawakuwa wanamichezo kabisa. Walinunua baiskeli kwa ajili ya safari hiyo, wakafanya mazoezi miezi kadhaa, na miongoni mwao walikuwepo wenye VVU wenyewe, wakikanyaga kwa mwili ambao daktari alikuwa ameshaukatia tamaa. Zilipatikana zaidi ya dola milioni moja, na tukio likalipuka, miji mingine ikataka la kwake.

Lakini msafara wa maelfu ya watu wanaolala kwenye mahema unahitaji mahema hayo, mabafu ya moto kwenye malori, wapishi, matangazo kwenye mabasi, mishahara. Mwaka baada ya mwaka waandishi na mashirika yenyewe wakaanza kuuliza kwa sauti: katika kila dola, senti ngapi zinafika kliniki? Kwenye baadhi ya misafara jibu lilikuwa la aibu. Mwenye kampuni alijitetea, na mpaka leo anajitetea. Mwaka 2013 alipanda jukwaa la TED kusema kwamba watu wanazibana taasisi za hisani zisitumie hela kujitangaza, wakati kampuni ya soda inatumia inavyotaka na hakuna anayeguna. Hoja hiyo haitupiki hivi hivi, maana misafara yake ilileta mamia ya mamilioni ya dola ambayo bila matangazo hayo yasingekuwepo. Ila aliyelala kwenye hema la kwanza mwaka 1994 hakuwa amewaambia shangazi zake kwamba wanachangia matangazo ya basi.

Mashirika mawili makubwa, la San Francisco na la Los Angeles, yakachoka. Mwaka 2002 yakajitoa na kuanzisha msafara wao, AIDS/LifeCycle, ili gharama zishuke na kinachobaki kiwe kikubwa. Ikawa fujo: mahakamani, magazetini, na mwaka huo huo misafara miwili ikapita njia ile ile ikiwa imepishana wiki chache, waendeshaji wakilazimika kuchagua upande kama watoto wa wazazi wanaoachana. Agosti 2002 kampuni ile ikafunga milango.

Msafara mpya ukaishi. Kilomita kama 877, siku saba, kila mtu akiahidi kuchangisha dola zisizopungua 3,000, baadaye 3,500. Siku ya tano waendeshaji walivaa nyekundu kuanzia kofia hadi soksi, ili ukiwatazama kutoka juu ya kilima kile chenye kona, mstari wao ufanane na utepe wa UKIMWI. Watu walikuwa wanaanza kushona gauni hilo jekundu mapema kuliko walivyoanza mazoezi. Kwa miaka zaidi ya ishirini zilipatikana zaidi ya dola milioni 300.

Halafu mwezi Juni 2025 wakaendesha mara ya mwisho. Sababu iliyotolewa na waandaaji: washiriki wamepungua, na gharama za kuandaa zimepanda mno.